Majengo ya kadibodi kwa reli ya mfano: Metcalfe, Superquick, au uprinti mwenyewe?

Ukishatandika reli juu ya ubao na treni ikaanza kuzunguka, kinachofuata kukukera ni utupu. Treni haitoki popote wala haifiki popote: hakuna stesheni, hakuna godauni, hakuna hata kibanda cha mtu wa ishara. Ndipo mtu anaanza kutafuta majengo, na ndipo anapochanganyikiwa, maana bidhaa ni nyingi na kila muuzaji anadai yake ndiyo rahisi kwa anayeanza.

Niseme mapema ninakoelekea. Kama unaishi mahali ambapo kifurushi kutoka Uingereza kinakufikia ndani ya siku chache, nunua seti ndogo ya kadi zilizokatwa tayari, ya Metcalfe, uanze nayo. Kama uko Dar, Nairobi au Bujumbura, na kila kifurushi kina hadithi yake ya posta na forodha, achana na maboksi. Anza na majengo ya kuprinti mwenyewe, ingawa yana kazi zaidi. Superquick, nayo ya boksi, ina watu wake, nitawafikia.

Kwa nini kadibodi na si plastiki? Kwa sababu ya rangi. Seti za plastiki, kama zile kampuni ya Dapol inazouza hadi leo ambazo chimbuko lake ni kampuni ya Airfix, ni imara na zina umbo zuri la matofali unaloweza kulipapasa kwa kidole. Ila zinakuja zikiwa rangi moja, na kazi ya kupaka tofali moja moja pamoja na simenti iliyo katikati ni yako. Anayeanza huishia na ukuta mwekundu uliopauka kama umemwagiwa kitu. Kadi inakuja na rangi yake tayari. Yapo pia majengo ya resini yaliyokamilika, Scenecraft ya Bachmann au Skaledale ya Hornby, unayatoa kwenye boksi na kuyaweka tu. Ni mazuri, ni ghali, na hayakufundishi chochote. Plastiki inaishinda kadi sehemu moja ya kweli: vitu vyembamba vilivyochomoza, yaani mifereji ya paa, mabomba ya maji, vyuma vya uzio. Kwenye kadi hivyo vyote ni picha bapa, na ukipiga picha kwa karibu inaonekana. Ukisimama hatua moja nyuma ya meza, jicho halilioni.

Hao watatu ni akina nani

Metcalfe wako karibu na Skipton, Yorkshire Kaskazini. Seti zao ni shiti za kadi nene, zimechapwa rangi na kukatwa tayari kwa mashine, zikiwa na maelekezo ya hatua kwa hatua yenye michoro. Majengo ni ya sura ya Uingereza ya kaskazini: matofali mekundu au mawe, vigae vya rangi ya kijivu, dohani juu ya kila paa.

Superquick ni mkongwe. Waingereza wengi waliokulia kwenye hobi hii walianza na boksi lake. Nazo zimekatwa tayari, ila kadi yake ni nyembamba na jengo linasimama kwa kukunjwa zaidi kuliko kwa kupangwa tabaka. Rangi na michoro yake ina ladha ya zamani, ambayo wengine wanaiita ya kizee na wengine ndiyo wanayoitafuta.

Scalescenes, ndio wa kuprinti mwenyewe, hawakutumii boksi lolote. Unalipia faili la PDF, unalipakua, unaprinti, unabandika karatasi juu ya kadi uliyoitafuta mwenyewe, unakata kila kitu. Unalipa mara moja, na jengo hilo unaweza kulijenga mara kumi kama unataka mtaa mzima. Wanatoa na moja la bure la kujaribia, godauni la matofali lenye uso wa mbele tu, la kuegemeza ukutani.

Ukubwa, kabla hujatoa hela

Treni za Kiingereza nyingi ni OO, yaani milimita 4 kwa kila futi, sawa na 1:76. Reli yake ina upana wa milimita 16.5. Shida ni kwamba HO, ambayo ndiyo inatawala Marekani na bara la Ulaya, inatumia reli ya upana huohuo lakini treni zake ni 1:87. Kwa hiyo ndugu aliyeko Minneapolis mwenye treni za HO akiagiza nyumba ya Metcalfe ya OO, reli zitalingana, nyumba haitalingana. Mlango wa mita 2 ni milimita 26 kwenye OO na milimita 23 kwenye HO. Tofauti ni kama asilimia 14, na inaonekana zaidi ukisimamisha mtu wa HO mbele ya mlango wa OO.

Kwenye boksi hapo huna la kufanya, isipokuwa uchague jengo ambalo watu hawajui ukubwa wake, kama godauni au kiwanda, na ulikwepeshe na milango. Kwenye PDF una njia: printi kwa asilimia 87.5. Kumbuka tu kwamba karatasi inapungua, unene wa kadi haupungui. Penye tundu lililochorwa kupokea kadi ya milimita 2, sasa litakuwa na milimita 1.75, na lazima ulipanue kwa kisu. Kutoka OO kwenda HO inavumilika. Kutoka OO kwenda N, ambayo Uingereza ni 1:148, usijaribu. Nunua toleo la N lenyewe. Metcalfe na Scalescenes wote wanayo, na wameyapanga upya. Kwa N nitaongeza neno moja: tofali na simenti yake lina urefu wa kwenda juu wa milimita 75 hivi, kwa hiyo kwenye OO ni milimita 1 na kwenye N ni nusu milimita. Kosa la kisu ambalo kwenye OO linakula tofali moja, kwenye N linakula mawili. Kama hujanunua treni bado na macho yako yameanza kudai miwani, chagua OO.

Kukata

Hapa ndipo hizi seti zinapoachana kabisa.

Kwenye Metcalfe na Superquick kila kipande kimeshakatwa, kinashikiliwa na shiti kwa vishikizo vidogo tu. Unachokata ni hivyo vishikizo. Kishawishi ni kukisukuma kipande kwa kidole kitoke, maana kinaonekana kimelegea kabisa. Usifanye hivyo. Kishikizo kikikatika kwa kuvutwa kinaondoka na ngozi ya juu ya karatasi, na pale mbele ya ukuta pembeni ya dirisha panabaki kovu jeupe. Pitisha ncha ya kisu kwenye kila kimoja, geuza shiti, pitisha tena. Pia usitoe vipande vyote kwa mpigo. Kuta za kushoto na kulia zinafanana sana, na namba za vipande zimeandikwa kwenye shiti.

Kwenye kuprinti mwenyewe, kukata ndiyo kazi yenyewe. Kadi ya milimita 2 haikatwi kwa mkupuo mmoja. Unapita mara ya kwanza kwa wepesi, bila kukandamiza, kuweka mfereji; rula ya chuma imeshikwa imara, na kisu kimesimama wima. Kisha unapita tena kwenye mfereji huohuo mara nne, tano, sita, mpaka usikie ncha imegusa mkeka. Ukikandamiza ili umalize haraka, kisu kinalala, na upande wa nyuma mkato unatoka umehama milimita moja nzima.

Dirisha lina utaratibu wake. Kadi ya ndani unaitoboa kwanza, ukianza kila mkato konani na kuelekea katikati, ili kona isipitilizwe. Halafu unabandika ile karatasi iliyochapwa matofali juu yake, ikiwa nzima, bila tundu. Ikishakauka unageuza ukuta, na kwa nyuma unachana karatasi ndani ya tundu kutoka kona hadi kona, mfano wa herufi X. Pembetatu nne zinazobaki unazipaka gundi na kuzikunja ndani. Ukigeuza mbele unaona dirisha lililozama ndani ya ukuta, na matofali yamezunguka hadi kwenye kingo zake za ndani. Seti iliyokatwa tayari haikupi hicho kirahisi, na ni moja ya sababu jengo la kuprinti likijengwa vizuri linaipita seti ya boksi kwa sura. Likijengwa vibaya, liko chini yake kwa mbali.

Vifaa ni vilevile kwa zote tatu: kisu chenye wembe wa kuvunja ncha, rula ya chuma, mkeka wa kukatia. Rula ya plastiki kisu kitaila na mstari wako utapinda. Vunja ncha ya wembe mara kwa mara, maana wembe butu unararua karatasi badala ya kuikata.

Kona na kingo

Kadi nene ikikunjwa, konani hufunguka mstari mweupe au wa kijivu. Metcalfe wanakupunguzia kazi kwa kuweka mfereji sehemu ya kukunja, lakini mstari bado huonekana. Dawa ni penseli ya rangi au rangi ya maji iliyokolezwa kidogo, unapaka kingo zote kabla hujagundisha kitu. Usitumie kalamu ya wino. Wino wake unanywewa na kadi na kuchungulia upande wa mbele, ukaharibu tofali zilizokuwa nzuri. Chagua rangi iliyofifia kidogo kuliko ukuta. Kona iliyokolea kuliko ukuta inaonekana zaidi hata ya ile nyeupe.

Superquick, kwa wembamba wake, inakunjika safi na kona zake ni kali. Tatizo linahamia kwingine: ukuta mrefu mwembamba usio na kitu cha kuushika ndani hutoa tumbo baada ya muda. Ongeza viegemeo vya kadi kwa ndani hata kama maelekezo hayakuambii, hasa kwenye banda la injini na jengo lolote lenye ukuta mrefu usio na chumba ndani. Halafu kuna taa. Ukiweka taa ndogo ya LED ndani ya jengo la kadi nyembamba, mwanga unapenya ukutani na nyumba nzima inang'aa. Paka ndani rangi nyeusi kabla hujafunga paa. Kwa Metcalfe shida hii ni ndogo, kwa kadi ya milimita 2 haipo, ila konani mwanga unaweza kuchungulia kwenye zote.

Kwenye majengo ya kuprinti, karatasi ya matofali inazungushwa kona nzima kama unavyofunika daftari, kwa hiyo hakuna ukingo wa kupaka.

Madirisha, paa na dohani

Metcalfe wanakupa plastiki angavu iliyochapwa fremu za madirisha. Unaikata na kuibandika nyuma. Hapa usiikaribie kwa super glue. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki ambao haufutiki. Gundi nyeupe kidogo sana kwenye kingo inatosha, au utepe wenye gundi pande mbili.

Kwa kuprinti mwenyewe, printa ya kawaida haina wino mweupe, kwa hiyo fremu nyeupe haziwezi kuchapwa kwenye plastiki. Njia inayonipendeza ni kukata vipande vyembamba vya lebo ya kujibandika na kuvipanga juu ya plastiki. Plastiki yenyewe ipo: ile angavu ya jalada la ripoti wanayofungia pale steshenari. Ni kazi ya kukaa kimya na mwanga mzuri. Kama hujazoea, chagua jengo lenye madirisha machache.

Paa halina maneno mengi. Vigae vilivyochapwa ni bapa kwenye zote. Dohani za Metcalfe ndizo zinazotoa watu jasho: unaviringisha ukanda mwembamba wa karatasi mpaka uwe bomba dogo. Karatasi huteleza kati ya vidole, na bomba la kwanza halitoki vizuri kwa mtu yeyote. Ukishindwa, kijiti cha pipi cha karatasi kilichokatwa na kupakwa rangi ya udongo kinafaa bila aibu.

Gundi, na hewa ya kwetu

Kwenye boksi za Uingereza maelekezo yanachukulia kwamba unajenga kwenye chumba kikavu. Mtu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat ana hali nyingine. Kadi hunywa unyevu wa hewa. Ukuta uliokuwa umenyooka Jumamosi unaweza kuwa na tumbo kufikia mwisho wa masika.

Kinachopinda zaidi ni kadi iliyolowa upande mmoja. Gundi nyeupe ya mbao ina maji. Ukiipaka upande wa mbele tu ukabandika karatasi, karatasi ikikauka inajivuta na kuukunja ukuta mbele. Bandika karatasi ya kawaida na upande wa nyuma pia, kwa gundi ileile, siku hiyohiyo, kisha weka chini ya vitabu vizito hadi kesho yake, ukitenganisha kwa karatasi ya nailoni isigande. Kuta zitatoka zimenyooka na zitabaki hivyo. Gundi ya stiki au ya kupuliza haina maji mengi na haipindishi, lakini kwenye joto la pwani ya stiki huachia pembeni baada ya miezi kadhaa. Mimi natumia nyeupe, kiasi kidogo, iliyotandazwa kwa kipande cha kadi badala ya kidole.

Usitumie gundi ya unga wa ngano. Inashika vizuri, na ni chakula. Mende wataitembelea usiku, na kama ubao wako umekaa juu ya meza ya mbao iliyogusa ukuta, mchwa nao hawahitaji mwaliko. Ukimaliza jengo, mpulizo mwepesi wa vanishi isiyong'aa ndani na nje, pamoja na chini ambako watu husahau, unapunguza unywaji wa unyevu. Hifadhi jengo ambalo halijaenda ubaoni kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, na ule unga wa kufyonza unyevu unaokuja na viatu vipya.

Kwa hewa hii kadi nene ya Metcalfe inavumilia kuliko ya Superquick. Ya kuprinti inategemea wewe: ukibandika pande zote mbili inazishinda zote.

Pale steshenari

Hili ni la wale wa kuprinti, na ndilo linaloharibu majengo mengi kuliko kisu. Unafika na faili kwenye simu au flashi. Dada wa pale anafungua, anabonyeza, na kompyuta yake imezoea kukifanya kila kitu kienee kwenye karatasi.

"Kaka, naona limegusa pembeni. Nilipunguze lienee?"

"Hapana, liache hivyohivyo. Asilimia mia."

"Litakatwa kidogo huku."

"Wacha likatwe, dada. Nipe ya kwanza nipime."

Na kweli upime. Beba rula. Karatasi zikitoka zimepunguzwa asilimia 3 au 4, kwa macho huoni, lakini ukurasa uliotoka siku nyingine kwenye mashine nyingine hautalingana nao, na paa halitafunika ukuta. Printi jengo zima siku moja, mashine moja. Kwa walioko Marekani kuna la ziada: karatasi yao ya Letter ni milimita 216 kwa 279, fupi kuliko A4 ya milimita 210 kwa 297, na hapo ndipo printa hupunguza bila kuuliza.

Uliza pia mashine ni ya aina gani. Nyingi za mitaani ni za leza, zinazotumia unga wa toner. Unga huo hauogopi maji ya gundi, lakini kwenye mkunjo hupasuka na kuacha mstari mweupe, hivyo penseli ya rangi bado unaihitaji. Printa ya wino ina rangi tulivu zaidi na inakunjika bila kupasuka, ila gundi yenye maji inaitoa rangi na jua la dirishani linaipausha. Ukitumia hiyo, puliza vanishi kabla hujagusa gundi. Karatasi ya gramu 80 inatosha kufunikia kuta. Nzito kuliko hapo inakataa kuzunguka kona.

Kadi nayo usiende kuitafuta kwenye maduka makubwa. Mafundi wanaofunga vitabu wanayo ile kadi ya kijivu ya majalada, milimita 2, na mabaki yao wanayauza kwa bei ya kusalimiana. Boksi la nafaka za asubuhi lina karibu nusu milimita. Mawili yakibandikwa pamoja yanakupa milimita 1.

Hela

Seti za boksi za OO kwa bei za miaka hii Uingereza ziko, nyingi, kati ya pauni 10 na 25, kutegemea ukubwa. Faili la PDF ni pauni chache, halafu kuna kuprinti kurasa kadhaa za rangi, kadi na gundi. Kwa jengo moja, mtu aliyeko Leicester hatapata nafuu kubwa kwa kuprinti akihesabu na wino wa nyumbani. Kwa safu ya nyumba 8 zinazofanana, nafuu ni kubwa. Kwa aliyeko Mwanza, usafiri peke yake unamaliza mjadala.

Vipi majengo ya kwetu?

Swali hili linakuja haraka, maana stesheni ya matofali yenye dohani nne haina uhusiano na Voi wala Morogoro. Njia ya kuprinti ndiyo pekee inayokufungulia mlango huu, kwa sababu ukishajenga mawili matatu ya Scalescenes unakuwa umejifunza ukuta wa tabaka, dirisha la X na kona ya kuzungusha, na unaweza kuchora lako. Na majengo yetu mengi ni mepesi kwa kadi. Stesheni ya TAZARA ya Dar es Salaam, mfano, ni zege: nyuso pana bapa, mistari iliyonyooka, hakuna tofali hata moja la kulinganisha konani.

Mabati yana ujanja wake. Wimbi la bati la kawaida lina upana wa karibu milimita 76, ambao kwenye OO ni milimita 1 kamili, na bolti ya M6, ile ya spana namba 10, ina nyuzi zenye nafasi ya milimita 1. Laza foili ya jikoni juu ya kadi laini, viringisha bolti ukiikandamiza, unapata bati. Kata vipande, bandika, paka kutu kidogo.

Upande wa reli zenyewe, upana wa TAZARA ni milimita 1,067. Ukitumia reli ndogo za milimita 9 zinazouzwa kwa ajili ya N, ukubwa unaolingana ni kama 1:120, na watu wa New Zealand, ambao reli zao ni za upana huo, wanautumia. Kwa reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ile ya Mombasa au ya Kigoma, mfumo wa HOm wa milimita 12 kwa 1:87, ambao umeenea kwa treni za milimani za Uswisi, unakaribia sana. Jengo la PDF la OO utaliprinti kwa asilimia 63.5 kupata 1:120, ukikumbuka tena yale ya unene wa kadi.

Nani achukue nini

Aliyeko Uingereza au jirani, anayetaka kuona jengo limesimama kabla ya wikiendi kuisha: Metcalfe, na si stesheni. Stesheni ni ndefu, ina kibaraza na nguzo, na makosa yake yanakaa mbele kabisa ya ubao. Chukua moja ya zile zenye uso wa mbele tu, safu ya maduka au nyumba, ambazo zinaegemea ukuta wa nyuma. Nusu ya kona unazoweza kukosea hazionekani. Kibanda cha ishara ni cha pili.

Anayejenga na mtoto wa miaka tisa au kumi: Metcalfe tena, mtoto akunje na kupaka gundi, wewe ushike kisu. Kadi nene inasamehe vidole vya mtoto kuliko ile nyembamba.

Anayetaka reli ya Uingereza ya zamani, au aliyekuta boksi la Superquick kwenye mnada wa vitu vya mitumba: jenga, ina haiba yake, na uweke viegemeo ndani. Angalia kwanza kama kadi haijageuka njano na kukauka. Iliyokauka hupasuka kwenye mkunjo, na hiyo utaikunja polepole baada ya kuipitishia mvuke kidogo wa birika kwa nyuma. Usiichanganye na Metcalfe kwenye mtaa mmoja, rangi za matofali zinagombana.

Aliyeko Afrika Mashariki, au aliyeko Marekani na treni za HO, au mwenye subira na hela kidogo: lile godauni la bure la Scalescenes. Printi ukurasa wa kuta nakala tatu, si moja. Ya kwanza itaenda na kisu, ya pili itaenda na gundi.